Chumba cha Kupanga Nyuzilandi

Nchi ile niliitafuta kwanza kwenye ramani, nikaikosa. Ninayo ramani kubwa ya dunia, niliyopewa siku nilipostaafu kazi ya upigaji chapa katika ofisi ya shamba la mkonge. Imetundikwa sebuleni kwangu, Nguvumali, na chini yake ndipo mtoto wa kaka yangu alipojifunzia nchi na miji mikuu tangu hajaota meno ya pili. Nikavaa miwani. Nikaipita India, nikaipita Australia, nikashuka kulia kama nilivyoelekezwa, nikakuta bahari tupu na jina la kiwanda kilichochapa ramani.

"Hebu njoo," nikamwita yule mtoto, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na minane na afisa mifugo wa watu. "Nionyeshe huyu mchumba wako katoka wapi."

Akaja, akainama, kidole kikaogelea baharini mara mbili tatu. Kisha akaanza kucheka.

"Shangazi, wameisahau."

"Wameisahau vipi? Nchi husahaulika? Pemba yenyewe imo!"

"Wameisahau tu. Hata yeye aliniambia, ramani nyingi huiacha."

Siku ileile nikatangaza mbele ya kaka yangu kwamba simtoi mtoto kwenda nchi isiyokuwapo. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nilikuwa natania nusu tu. Mama wa mtoto huyu alifariki yeye akiwa na miaka minne, na kaka, ambaye maisha yake yote yalikuwa juu ya malori, akamleta kwangu na sanduku moja la bati. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Nikisema "mwanangu," basi, sitii chumvi.

Mchumba mwenyewe alikuwa daktari wa ng'ombe, mrefu wa kuinamia milango, aliyeletwa kufundisha wafugaji wa maziwa upande wa Muheza. Kiswahili chake alikiokota mabandani. Siku ya kwanza kuja kwangu alivua viatu barazani, akatoa shikamoo safi kabisa, na aliponiona nimesita mlangoni akanituliza: "Taratibu mama, taratibu." Nikajua mara moja maneno hayo huwa anamwambia nani. Nilimwitikia marahaba kwa uso mkavu, nikaenda jikoni kucheka ndani ya kanga.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, akaleta posa. Barua ililetwa na mshenga wake, mzee mmoja mfugaji wa Muheza, ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe kama inavyotakiwa. Kaka akaipokea, akasema jibu litatoka baada ya wiki tatu. Kwetu sisi wiki hizo si za kufikiri, ni za kuuliza. Anatumwa mtu kwa majirani wa kijana: analala wapi, anagombana na nani, ukoo wao una maradhi gani, una ulevi gani. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi.

Na ninaijua kazi hiyo, msinione hivi. Siri yake ni moja: usiseme umekuja kuuliza. Kuna kijana aliyejiita kapera. Nikapita Makorora jirani na kwao, nikaomba maji ya kunywa, kabla glasi haijaisha nilishajua jina la mkewe. Mwingine alijisifu ana boti ya uvuvi. Nikapanda bodaboda mpaka Moa nikijifanya natafuta pweza wa jumla, nikakuta boti ni ya mjomba wake na mjomba hamtaki hata kumwona. Lakini njia yangu ninayoipenda ni kutafuta chumba cha kupanga. Mtu anayetafuta chumba ana haki ya kuuliza lolote kuhusu mtaa, na watu humjibu kwa moyo mweupe.

Sasa Nyuzilandi naifikaje?

Mwanangu, kwa nia njema, aliniandikia namba za simu za majirani watatu wa kwao na kijana. Nikazikataa palepale. Shahidi anayeletwa na mshitakiwa ni shahidi gani? Nikaenda kumlalamikia jirani yangu, mama wa Kipemba anayeuza karafuu na mchele. Akaniuliza, "Huko kwao ni bara au visiwa?" Nikamwambia ni visiwa. Akapiga kofi paja lake.

"Sasa wahofia nini, bibi we? Visiwani hakuna siri. Tafuta walipo wengi, utege sikio."

Walipo wengi siku hizi ni kwenye simu. Nilihangaika na simu yangu asubuhi nzima, na kwenye chai ya saa nne nikaupata: ukurasa wa wakazi wa kamji ka kijana, wanakopashana habari zao. Kijana alishatusimulia kwamba kwao ni nyumba ya paa jekundu karibu na daraja. Nikajiandikisha. Picha yangu nikaweka ua la waridi, kama tulivyo akina mama wote wa Tanga mtandaoni. Wakanikubalia bila hata kuniuliza mimi nani, na hapo ndipo nilipopotea.

Nilikusudia kuingia, kuuliza, kutoka. Badala yake nilikaa wiki nzima nikisoma, chai inapoa, maharage yanaungua, nacheka peke yangu hadi Mpemba akaja kuchungulia. Jamani, watu wale! Mmoja aliokota glavu moja, moja tu, ya mkono wa kushoto, akaipiga picha, akaitundika kwenye uzio, akatangaza. Watu kumi na tisa wakachangia. Nilifuatilia habari ya glavu ile siku tatu kwa roho juu, mpaka mwenyewe akapatikana, mtoto wa shule, nami nikapiga kigelegele jikoni kwangu.

Mwingine anauza mayai. Kayaweka kando ya barabara kwenye kasanduku, na kopo la kuwekea fedha, halafu yeye mwenyewe yuko shambani na kondoo wake. Hakuna mlinzi. Hakuna mtu! Unachukua mayai, unaweka fedha, unaondoka. Nilimsimulia kaka, akaniambia nimezeeka nadanganywa na picha. Tena wanaingia madukani pekupeku. Watu wazima, wenye magari, wanasukuma vikapu vya bidhaa nyayo ziko nje. Niliogopa kwanza, nikadhani ndio ufukara wenyewe, mpaka nikakumbuka viatu alivyovivua kijana barazani kwangu bila kuambiwa. Na nyoka hawana. Nchi nzima haina nyoka hata mmoja! Habari hiyo ilinipa wivu wa kweli, maana mimi mwaka huuhuu nimeua mmoja chooni.

Wiki ya pili nikajikaripia. Nikakaa sawasawa, nikaandika tangazo langu. Kiingereza changu ni cha barua za mkonge: sijui kupiga porojo kwa Kiingereza, lakini barua rasmi naiandika nikiwa nimefumba macho. Nikaiandika yote kama nilivyofundishwa, hakuna kitu kilichokosekana, na kichwa cha habari, "Yah: Chumba cha kupanga." Nikaeleza kwamba mimi ni mama mtu mzima, mstaafu, mtulivu, natafuta chumba upande wa darajani, na ningependa kujua tabia za wakazi wa eneo hilo, hasa nyumba zenye paa jekundu. Nikamalizia kwa kusema nitashukuru kupata majibu mapema iwezekanavyo. Nikatuma.

Ndugu zangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Kufika kesho yake saa nne nilikuwa na majibu thelathini na mawili. Sikupewa umbea hata kidogo, nilipewa vyumba! Mwenye mayai alisema ana kijumba bustanini. Bibi mmoja aliuliza saizi yangu ya sweta. Mtu wa glavu alijitolea kunipokea uwanja wa ndege, mwendo wa saa tatu kwa gari, akauliza nina mizigo mingapi. Nilishika kichwa. Na chini kabisa, barua ya faragha kutoka kwa mwanamke mmoja: "Nyumba ya paa jekundu darajani ni yetu. Tuna chumba kinachotazama mto. Mwanetu alikuwa akilala humo, sasa yuko mbali. Uliza chochote unachotaka."

Nilikuwa nimebisha hodi kwa mkwe.

Mtu mwenye akili angefunga simu. Mimi nilizunguka nyumba mara mbili, nikanywa maji, nikarudi. Kwani mpelelezi gani tangu dunia iumbwe amewahi kupewa mama mzazi, na mama hajui anazungumza na nani? Nikamjibu kwa adabu zote za ofisi. Naye akawa ananiandikia kila siku baada ya chakula chao cha jioni, ambayo kwangu ni saa nne asubuhi, birika liko mezani. Sikuwa nauliza habari za mwanawe. Niliuliza habari za chumba tu. Je, kitanda ni kirefu? Akajibu: ndiyo, mwanangu ni mrefu, tena anakoroma, baba yake alilazimika kuziba ukuta kwa magodoro. Je, kuna banda la kuwekea vitu? Lilikuwapo, mwanangu aliliunguza akiwa na miaka kumi na minne akijaribu kukausha samaki. Je, jirani ni watulivu? Jirani yetu wa kulia hatusemeshani tangu mwanangu alipomwambia ng'ombe wake amekonda.

Nilikuwa naandika yote kwenye daftari. Lakini sitawaficha: ilipofika siku ya nne nilikuwa naamka nikisubiri saa nne kuliko nilivyokuwa nasubiri mshahara enzi zangu. Alinieleza asubuhi ambazo maji ya kondoo yanaganda, ukoko wake unavunjwa kwa shoka. Mimi ninayevaa sweta mwezi wa saba hapa Nguvumali! Nilimweleza nazi inavyokunwa kwa mbuzi, nikatafsiri neno kwa neno. Akaniuliza mbuzi gani huyo anayekuna nazi, ikabidi nimchoree.

Siku moja akaniuliza swali langu mwenyewe, lile ambalo mimi huwauliza wengine. Kwa nini mtu wa umri wangu aende kuishi mbali hivyo, peke yake?

Uongo nilikuwa nao tayari. Nilitaka kusema daktari kanishauri hewa ya baridi. Vidole vikaandika kitu kingine: "Mtoto wangu anahamia huko. Sina mwingine." Nikatuma kabla sijafikiri, kisha nikakisoma tena nilichoandika, nikaona hakina uongo hata chembe. Nililia, kwa kweli, nikiwa nimeshika kikombe. Wiki zote zile nilijidai natafuta ukweli wa kijana, kumbe nilikuwa natafuta kasoro. Nilikuwa nataka kasoro moja, kubwa, ya kunibakizia mwanangu.

Na kesho yake nikaipata.

"Umeniambia jambo la kweli," akaandika yule mama, "nami nitakuambia langu. Mwanangu aliwahi kuchumbia. Alivunja uchumba wiki tatu kabla ya harusi, keki imeshaagizwa. Mji mzima uliongea. Sikumsemesha mwezi mzima. Ni kijana mwema, lakini hilo alilifanya, na anayempenda inafaa alijue."

Nikatoka na simu mkononi mpaka ukumbini. Mwanangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi ya mchana. Nikamwambia bila salamu: kijana wako alimwacha mtu na harusi yake. Nilitegemea nazi ianguke. Hakuacha hata kukuna.

"Najua, shangazi. Aliniambia kabla hajaniambia ananipenda. Alikwenda mwenyewe kwa baba wa yule dada aliyemwacha, akasimama mlangoni akasema."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuwa kwa baba kabla nazi haijaisha." Kisha akainua uso. "Wewe umejuaje?"

Nikakohoa. Nikasema nina njia zangu.

Akaweka kifuu chini, akafuta mikono. "Shangazi, sikiliza. Baba atasema utakachosema wewe, nami pia. Ukisema hapana, siendi. Sitanuna, wala sitatoroka. Ila useme kwa sababu yake yeye, si kwa sababu ya ramani."

Sikula mchana ule.

Jibu la posa lilipangwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, ili kwa wale wa Nyuzilandi iwe jioni mapema. Sebule ilijaa chini ya ile ramani. Upande huu kaka yangu na wazee wetu wa ukoo walioteremka kutoka Lushoto; upande ule mshenga na kijana wake, aliyevaa shati la kitenge, soksi hana. Simu ya mwanangu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani ya simu wakatokea wazazi wa kijana wamebanana kwenye kiti kimoja. Mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomchora kichwani, mwenye mashavu mekundu. Mimi nilikaa pembeni kabisa, kanga imefunika mpaka puani. Nilijipa moyo kwamba ananijua kwa ua la waridi tu.

Salamu zikapita, sala ikapita. Kaka akakohoa, akanigeukia.

"Dada yangu, wewe ndiye uliyetumwa kuuliza. Je, umeuliza?"

Kabla sijafungua mdomo, kwenye simu pakatokea kicheko. Yule mama akasema maneno marefu, na kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akitafsiri, akaanza kuwa mwekundu toka shingoni kwenda juu.

"Mama anasema... samahanini... anasema anamsalimu mpangaji wake."

Wazee wa Lushoto wakatazamana. Mwanangu akanitazama mimi, akaitazama simu, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Anasema alimjua tangu barua ya kwanza," kijana akaendelea. "Ilikuwa na anuani juu, upande wa kulia. Sanduku la posta, Tanga, Tanzania."

Miaka thelathini na moja ya kupiga chapa, mkono hauandiki barua bila anuani! Njia ya mwongo fupi, na yangu niliichapa mwenyewe juu kulia. Kanga ikaniponyoka. Nilitamani niingie chini ya mkeka, lakini mwanangu alikuwa ameshaanza kucheka, kaka akafuata, mshenga akawa anajipangusa machozi kwa ile leso ya posa. Nikacheka na mimi, ningefanya nini?

"Muulize," nikamwambia kijana nilipopata pumzi, "kama alinijua, kwa nini alinieleza mabaya yote? Banda? Uchumba?"

Akauliza. Mama yake aliacha kucheka, akasogea karibu na simu.

"Anasema aliona mtu anahangaika hivi kwa ajili ya msichana, akajua msichana huyu ana mama. Na mama mwenzake hawezi kumficha."

Halafu akanyanyuka na simu yake, akatembea nayo ndani ya nyumba, picha inayumba, akafungua mlango, akawasha taa. Kitanda kirefu. Blanketi la sufu. Dirishani giza tupu, kwao jua lilishazama. Akasema mto uko hapo, tumwamini. Na ukutani ramani ya dunia ya utotoni mwa kijana. Nikaondoa miwani, nikaifuta, nikasogea mpaka kwenye chupa ya chai. Nyuzilandi ilikuwamo, kubwa, karibu na katikati. Sisi ndio tuliosukumwa mpaka pembeni kushoto, karibu na fremu, lakini tulikuwamo, na palipo Tanga palichomekwa pini nyekundu.

"Dada," kaka akaniita. "Tunakusubiri."

Nikasimama. Nikasema: "Kijana huyu anakoroma. Aliunguza banda. Aligombanisha wazazi wake na jirani. Alivunja uchumba keki imeshaagizwa. Nimeuliza duniani kote, na sijaona ukoo mwingine uliosema yote hayo kwa mdomo wake, ukijua unamwambia nani. Mpeni mtoto."

Vigelegele vilianzia kwa Mpemba, aliyekuwa dirishani muda wote. Mwanangu alinikumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikaanguka, na mchumba wake, akiwa hajui aweke wapi mikono, akanipapasa bega. "Taratibu mama," akasema. "Taratibu." Nilikuwa nalia kwa sauti.

Jumatatu, saa nne, nikamimina chai na kuandika barua. Anuani juu, upande wa kulia, safari hii kwa makusudi. Yah: Chumba kinachotazama mto. Nakiri kupokea taarifa zako zote kwa shukrani. Mwanangu anakuja kwako mwezi wa kumi na moja. Yeye haogopi ng'ombe, anaogopa radi. Kuhusu mimi, nitakujulisha tarehe ya kufika. Tafadhali kisipangishwe kwa mtu mwingine.